Refik Anadol: tunagombania mashine, mtazamaji tumemsahau

Toka Februari 2025 mabishano ya watu wa sanaa ya kidijitali yamekwama sehemu moja na hayatoki. Mwezi ule nyumba ya mnada ya Christie's pale New York ilifungua mnada wa kazi za akili mnemba (AI) tupu, na kabla haujaanza ikasambaa barua ya wazi, wasanii zaidi ya 6,000 wakaisaini, wanataka mnada ufutwe kwa sababu kazi nyingi zilizowekwa sokoni zimetoka kwenye modeli, yani programu za kompyuta zinazojifunza, zilizolishwa picha za watu bila ruhusa na bila kulipwa hata senti. Christie's wakakaza, mnada ukaenda mpaka Machi 5, ukaingiza dola 728,784, na iliyoongoza kwa bei ikawa kazi ya Refik Anadol, Mturuki anayeishi Los Angeles, ikachukuliwa kwa dola 277,200. Kuanzia hapo ukigusa habari ya AI na sanaa popote pale jina lake ndo linatangulia, hawa wanamwita mwizi mwenye projekta kubwa, wale wanamwona kama aliyefungua ukurasa mpya wa sanaa yote.

Mi naona pande zote mbili zimemsoma vibaya, na zinavyomsoma vibaya ndivyo na sisi huku tunavyojifunza kutoka kwake kitu ambacho sicho. Anadol siyo mchoraji aliyeacha brashi akashika kompyuta. Toka mwanzo swali lake limekuwa mtu anayekuja kuangalia: anaingiaje, anasimama wapi, anagusa nini, anatoka na nini. Kwa hiyo ukitaka kumpima mpime hapo, na ukimpima hapo utakuta jambo ambalo silioni likisemwa, kwamba kazi yake iliyompa mtazamaji nguvu kuliko zote aliifanya 2017 kabla dunia nzima haijamjua, na kadiri kuta zilivyozidi kuwa kubwa na jina lilivyopanda, ndivyo mtazamaji alivyozidi kubakishwa na kazi moja tu ya kushangaa.

Alikotoka kunasaidia kumwelewa. Kazaliwa Istanbul mwaka 1985, akasomea picha na video Chuo Kikuu cha Bilgi hukohuko, akavuka kwenda chuo kikuu cha UCLA Marekani, na 2014 yeye na mkewe Efsun Erkılıç wakafungua studio Los Angeles. Mwaka 2016 akaingia kwenye programu ya Google ya wasanii wanaofanya kazi na mashine zinazojifunza, hapo ndo akaanza kufanya kazi na kompyuta inayopewa rundo la picha, inajifunza zinavyofanana na zinavyotofautiana, halafu inazalisha nyingine ambazo hazimo kwenye lile rundo. Ila kabla ya hapo tayari alikuwa anarusha mwanga kwenye kuta za majengo, analifanya jengo lenyewe kuwa turubai, na ukimsikiliza akiongea hata leo utamsikia anaongelea ukuta, dari, nafasi, watu wanavyopita, yani mazungumzo ya msanifu majengo zaidi ya mazungumzo ya mchoraji. Anayemhukumu kwa kufungua picha yake moja kwenye simu akasema ah, mbona ni rangi zinazochemka tu, amehukumu kipande ambacho mwenyewe hajawahi kukichukulia kama ndo kazi.

Sasa hiyo ya 2017. Inaitwa Archive Dreaming, ilikuwa SALT Galata, jengo la zamani la Benki ya Ottoman pale Istanbul ambalo siku hizi ni kituo cha sanaa na utafiti. SALT wana hifadhi kubwa, Anadol akapewa nyaraka milioni 1.7, picha, michoro ya majengo, machapisho na makaratasi ya kila aina, vitu ambavyo kwa kawaida ukitaka kuviona lazima uwe mtafiti na ujue unatafuta nini. Akaipa kompyuta izipange kwa jinsi zinavyofanana, halafu akajenga chumba cha duara, katikati kaweka tableti, ukutani pande zote unaona zile nyaraka zimekuzunguka kama vumbi la mwanga. Wewe unaingia, unashika tableti, unasogea kwenye kundi fulani, unakaribia, unakaribia tena, mpaka ile nukta ya mwanga inafunguka na kuwa karatasi halisi, picha ya mtaa fulani, ramani ya nyumba fulani, na pembeni yake zinatokea zingine ambazo mashine inaona zina undugu nayo, labda zimetenganishwa na miaka mingi. Ukiiacha bila kuigusa yenyewe inaanza kuchanganya na kubuni vitu ambavyo havimo kwenye hifadhi. Mambo mawili yapo chumba kimoja, ushahidi na ubunifu, na mtu asiyejua lolote kuhusu nyaraka anaweza akatoka moja akaingia lingine kwa kidole chake. Mimi hiyo naiheshimu sana, sijaona mfano mwingi wa mtu aliyefungua mlango wa hifadhi kwa watu wa kawaida kiasi kile bila kuwafanya wajisikie wageni.

Mwaka uliofuata, 2018, zikaja mbili kwa pamoja. Melting Memories ilifanyika Istanbul, ikatumia data za mawimbi ya ubongo, na chanzo chake ni mjomba wake aliyegundulika ana ugonjwa wa Alzheimer's, Anadol akawa anajiuliza kumbukumbu inapotoka inaenda wapi. Nyingine ni WDCH Dreams, pale Los Angeles, okestra ya LA Philharmonic inatimiza miaka 100, wakampa hifadhi yao yote ya picha, video na sauti, kama terabaiti 45, na ukumbi wao wa Walt Disney Concert Hall auvalishe mwanga kwa nje. Lile jengo kalichora Frank Gehry, ni chuma kilichokunjwakunjwa, ukuta bapa wa kurushia picha haupo. Wakatumia projekta 42, kila kipindo kikapigiwa hesabu yake, watu wakasimama barabarani wanaangalia jengo wanalolipita kila siku likikumbuka miaka yake 100 ya muziki. Barabarani pale hakuna tiketi, na hili la tiketi nitalirudia kidogo maana lina uzito kwenye fikra yake.

Halafu ikaja iliyompeleka juu kabisa, Unsupervised, ukumbi wa chini wa MoMA, jumba la makumbusho ya sanaa ya kisasa pale New York, kuanzia Novemba 2022. Skrini ya futi 24 kwa 24, modeli imelishwa data za mkusanyiko wa jumba lenyewe, rekodi 138,151, na ndani ya ukumbi kuna kamera inayosoma watu wanavyotembea, kuna kipaza kinachonasa kelele, kuna data za hali ya hewa ya nje, vyote hivyo vinaisukuma picha ibadilike muda huohuo. Ilitakiwa ikae miezi michache ikaongezewa muda mpaka Oktoba 2023, na MoMA wakaiingiza kwenye mkusanyiko wao wa kudumu. Wakosoaji wakubwa wakaipiga, Jerry Saltz wa jarida la New York aliifananisha na skrinseva ya bei mbaya, zile picha zinazojichezea kwenye kompyuta iliyoachwa bila kuguswa, na Anadol hakukaa kimya, wakajibizana mtandaoni watu wanaona.

Hapo ndo hoja zinapogongana, na nizichukue moja moja kwa uzito wake. Nzito kuliko zote ni ya ruhusa, ile ya barua ya wale 6,000. Mimi niko nao kwa asilimia kubwa sana, mtu amekaa miaka kumi anatengeneza mkono wake wa kuchora halafu kampuni inakomba kila kitu mtandaoni inauza huduma inayomnyima mkate, hilo ni dhuluma na halina jina zuri. Lakini ukiliweka juu ya Anadol linateleza, kwa sababu ile kazi iliyoongoza mnadani imetokana na picha zaidi ya milioni moja zilizopigwa kutoka angani, kituo cha anga cha kimataifa na setilaiti, siyo michoro ya mtu. Ya MoMA imetoka kwa MoMA, ya SALT imetoka kwa SALT, ya okestra imetoka kwa okestra. Kwenye kazi hizi amefanya kazi na hifadhi za taasisi zenyewe. Unaweza ukauliza, na ni swali halali, kama taasisi ikitoa ruhusa inatosha, maana jumba la makumbusho kuwa na mchoro stoo siyo sawa na mchoraji kukubali mchoro wake usagwe na mingine laki moja, na hapo mimi nadhani bado sheria na maadili havijafika. Ila kumweka kapu moja na wanaoandika neno kwenye programu na kutoa picha inayofanana na ya msanii fulani aliye hai, hiyo siyo haki kwake na pia inaidhoofisha hoja yenyewe, kwa sababu wanaoitetea AI wanamshika yeye kama mfano wa kuonyesha kwamba walalamikaji hawajui wanacholalamikia.

Kuna hoja ya umeme, ni ya kweli, hizi mashine zinakula umeme na maji ya kupoza seva, studio yake inasema modeli yao iliyolishwa picha za mazingira ya asili inaendeshwa kwenye seva zenye nishati safi kwa sehemu kubwa, naipita kwa leo.

Iliyo dhaifu kabisa, na ndo inayosikika kuliko zote, ni ile ya kusema mashine ndo imechora, yeye kabonyeza kitufe. Anayesema hivyo ajaribu kurudi pale kwenye lile jengo la Gehry. Mashine ikishazalisha, nani ameamua picha iende kasi gani ili mtu wa upande wa pili wa barabara asipate kizunguzungu, nani ameamua sauti ya okestra ya mwaka fulani ianze mwanga unapofika kona fulani, nani ameamua kutumia hifadhi ya okestra badala ya kumwaga maua na fataki kama kila sherehe ya miaka 100 inavyofanya? Studio yake ni watu wengi, wahandisi, wasanifu majengo, wanasayansi wa data, na kazi ya kitufe ni kipande kidogo mno ndani ya mnyororo huo. Tena sisi hoja hii ndo tulipaswa kuwa wa mwisho kuiamini, kwa sababu tuna Tingatinga pale Morogoro Stores, Oysterbay, Dar, mtindo wa uchoraji ulioanzishwa na Edward Saidi Tingatinga na ukaendelea baada ya kufa kwake 1972 kwa vijana kukaa pembeni ya mkubwa na kuiga, chui yuleyule, ndege yuleyule, rangi zilezile, na hakuna anayewaambia wale mabwana siyo wasanii kwa kuwa mkono wao umejifunza kwenye rundo la picha zilizotangulia. Tofauti ipo, nayo ni kubwa, wale wanajuana, wanalishana, mwanafunzi anajulikana alikaa kwa nani, wakati modeli inakula bila kumtaja mtu. Lakini tofauti hiyo inaturudisha kwenye ruhusa na malipo, haituambii chochote kuhusu kitufe.

Upande wa wanaompenda nao wana hoja yao dhaifu. Kuna takwimu inayotajwa kila akiongelewa, kwamba pale MoMA watu walikuwa wanakaa mbele ya Unsupervised kwa wastani wa dakika 38, na ukilinganisha na utafiti uliofanywa jumba la Metropolitan Museum, New York, na kuchapishwa 2001, uliokuta mtu anasimama mbele ya mchoro wastani wa sekunde 27, unaona pengo lenyewe. Wanasema basi, huu ndo uthibitisho kwamba ameunganika na watu. Sikubali. Mtu anaweza akakaa dakika 38 kwa sababu amechoka na pale kuna nafasi ya kukaa, anaweza akakaa kwa sababu kitu hakirudii na jicho la binadamu linapenda kisichorudia, na simu zetu wenyewe zinatukalisha masaa mangapi bila kutuunganisha na chochote. Muda unakwambia mtu hakuondoka, haukwambii alipata nini.

Na mimi hapa ndo pananiuma kwenye ile kazi, maana kwenye karatasi ina kila kitu, kamera, kipaza, hali ya hewa, wewe ukitembea inakujibu, ila ukisimama pale hakuna namna ya kujua kipi kimebadilika kwa ajili yako na kipi kimebadilika kwa ajili ya yule mtoto anayekimbia nyuma yako au mvua iliyoanza nje. Na zile kazi 138,151 ziko humo lakini huwezi ukaifikia hata moja, hujui hii rangi imetoka kwa nani, ukitaka kujua hakuna pa kushika. Archive Dreaming ilikupa mkono, Unsupervised ikakupa bafu la mwanga. Septemba 2023 akaenda mbali zaidi, akaufunika ukuta wa nje wa Sphere pale Las Vegas, ukumbi wa burudani uliovishwa duara la skrini lenye futi za mraba karibu 580,000, unaonekana kutoka mbali kabisa, na hapo mtazamaji ameshakuwa mtu ndani ya gari anapita. Najua skrini ile isingeweza kuwekewa tableti katikati, nisichokubali ni kuita hivyo vyote muunganiko kwa uzito uleule.

Ila nimpe haki yake, kwa sababu jibu analotoa mwenyewe siyo jepesi. Anasema mara kwa mara kwamba anataka kazi ya mtu yeyote, wa umri wowote, wa asili yoyote, na ndo maana anapenda kuta za nje na sehemu za watu wengi. Fikiria mama aliyetoka kazini usiku hana habari na historia ya sanaa wala hana hela ya kiingilio, jumba la makumbusho linamtisha kwa ukimya wake na maandishi yake madogo ukutani, huyu akisimama barabarani mbele ya ukuta wa Anadol hahitaji kuelezwa chochote na hakuna mlinzi wa kumwangalia vibaya. Huo ni usawa, na wachambuzi wengi wanaokejeli skrinseva ni watu ambao jumba la makumbusho lilishawafungulia mlango siku nyingi hawajui baridi ya nje. Hoja hii inanifanya nisikubaliane nao. Swali langu linabaki baada ya hapo, ukishamleta yule mama mpaka ukutani unamwachia nini cha kushika?

Na mwenyewe anajua kushikisha watu anapotaka. Mwaka 2023 alifanya Winds of Yawanawa na watu wa kabila la Yawanawá wa Acre, msitu wa Amazon upande wa Brazil. Vijana wachoraji wa kijiji walitoa michoro yao, kijijini kuna kituo kinachopima upepo na joto, na zile data zinafika moja kwa moja kwenye kazi 1,000 za kidijitali zilizouzwa, upepo ukivuma kule Acre picha ya mnunuzi aliye popote inasogea. Mamilioni ya dola yaliyopatikana yakaenda kwa jamii yenyewe. Soko la NFT, yani hati za kidijitali za umiliki ambazo kazi kama hizi huuzwa nazo, lilikuwa limeshaanguka wakati ule, watu wanasema biashara imekufa, lakini pale ruhusa ilitoka kwa wachoraji wenyewe siyo kwa stoo ya jumba, malipo yakarudi kwa waliotoa, na anayeangalia anajua anaangalia upepo wa wapi na mkono wa nani. Yani hizo hoja tatu zote tunazogombania, wizi, hela na mtazamaji, zilipata majibu kwenye kazi moja, na hao wanaomshangilia na wanaomponda sijui kwa nini hawaitaji sana.

Nayasema haya kwa sababu nawaona vijana wetu wa moshen grafiki, wanaotengeneza michoro inayotembea kwenye skrini, Dar na Nairobi, wengi wao wana uwezo wa ajabu, na wanachokichukua kutoka kwa Anadol ni yale mawimbi. Rangi zinazochemka zinapanda skrini za LED kwenye harusi, kwenye uzinduzi wa bidhaa, nyuma ya jukwaa la tamasha, na mteja anafurahi maana inaonekana ya kisasa. Siwalaumu, mteja ndo analipa. Lakini mawimbi ni sehemu rahisi kuiga, na hivi sasa programu yoyote inakutengenezea kwa dakika chache, kwa hiyo anayejenga jina lake juu ya mawimbi atapitwa na mtoto wa sekondari mwenye laptop. Sehemu ngumu, ambayo programu haikupi, ni kuwa na hifadhi yenye watu ndani yake na makubaliano na watu hao.

Na hifadhi tunazo. Kule Zanzibar ofisi ya Nyaraka ina miswada ya Kiarabu ambayo UNESCO waliiingiza kwenye orodha yao ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 2003, Nyaraka za Taifa Dar zina makaratasi ya Wajerumani yaliyoingia orodha hiyohiyo 1997, na TBC, shirika la utangazaji la taifa, kuna kanda za iliyokuwa Radio Tanzania, miziki ya NUTA Jazz, Morogoro Jazz, kwaya, ngoma za mikoani, hotuba, tamthilia. Hizo kanda ndo nazifikiria zaidi, kwa sababu waliorekodi wengi walilipwa kidogo au hawakulipwa kabisa, wengi wameshafariki na familia zao zipo, na siku kampuni ya nje ikija na hela kutaka kuzilisha modeli, yule atakayesaini mezani kuna hatari asiwe mtoto wa mpiga gitaa. Tukiendelea kubishana kama AI ni sanaa au siyo sanaa, siku hiyo itatukuta tunabishana.

Kwa hiyo kijana mwenye studio ambaye anataka kufanya kazi kama ya Anadol kwa hifadhi ya hapa, kabla hajakopa hela ya projekta aende TBC, aende COSOTA wanaosimamia hakimiliki, akae na familia za wanamuziki wachache anaoweza kuwapata, waandikiane nani anaruhusu nini na nani analipwa nini kanda yake ikitumika ukumbini. Aanze na kanda chache zenye majina yote, mpigaji, mwimbaji, mtunzi, mwaka, na chumba kimoja ambacho anayeingia anaweza akamtafuta mtu kwa jina akampata. Kuanzia hapo hakuhitaji bajeti ya skrini kubwa.